Laki sita na maji ya moto bafuni: pesa iende wapi?

"Habari za kazi. Tunaishi Sakina, Arusha, nyumba ya kupanga, tuko wanne: mimi, mume wangu na watoto wawili wa shule. Kila ikifika Juni tunaamka saa kumi na moja alfajiri kubandika maji, huyu aoge, yule asubiri sufuria. Nimepokea laki sita za mchezo na mwaka huu nataka nijipe raha moja ya kila siku: shawa ya maji ya moto. Dukani nimeambiwa shawa ya umeme ya wati 5,500 ni elfu tisini na tano, boila la lita 30 ni laki tatu na nusu. Fundi anataka elfu arobaini tu, anasema ataiunga kwenye waya wa soketi uliopo ukutani, wa milimita 2.5, na kwamba unatosha. Jirani yangu anayo, ila koki yake inapiga shoti kidogo kidogo. Anasema dawa ni kuvaa kandambili. Naogopa pia Luku, maana sasa tuko kwenye umeme wa bei ya chini na tunatumia uniti 54 hivi kwa mwezi. Tenki liko kwenye stendi nyuma ya nyumba. Shemeji anasema niachane na shawa, ninunue chujio la maji au godoro. Nishauri."

Dada yangu, nianze na koki ya jirani, kwa sababu hiyo haisubiri Juni. Mwambie leo azime breka ya ile shawa na asiiwashe mpaka fundi wa umeme aipime.

Ndani ya shawa nyingi za bei nafuu, koili inayopasha maji iko wazi, inagusana na maji moja kwa moja. Maji ya Arusha yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kubeba madini, na maji yenye madini hupitisha umeme. Kwa hiyo kila mara shawa inapowaka kuna umeme kidogo unaotoroka pamoja na maji. Kazi ya waya wa ethi ni kuudaka umeme huo na kuupeleka ardhini kabla haujafika kwa mtu. Koki ikianza kupiga, ama ethi haipo, ama imekatika mahali, ama fundi amefanya ule ujanja wa kuunganisha ethi ya shawa na nyutro (waya unaorudisha umeme). Huo ndio mbaya kuliko yote: siku nyutro ikilegea kwenye mita au kwenye nguzo, umeme wote wa volti 230 unarudi kwenye mwili wa shawa, na muogaji ndiye anayekuwa ethi.

Kandambili hazitibu hilo. Zinapunguza umeme unaopita miguuni, basi. Ukishika koki kwa mkono mmoja na ukuta ulioloa kwa mkono mwingine, njia ya umeme inapita kifuani, na miliampia 30 zikipita hapo kwa muda wa kutosha zinaweza kuua. Hakuna shoti ndogo bafuni.

Sasa fundi wako. Wati 5,500 ukigawa kwa volti 230 unapata ampia 24. Waya wa milimita 2.5 ndani ya bomba la ukutani unabeba kati ya ampia 20 na 24, kutegemea ulivyopitishwa na una wenzake wangapi humo. Yaani shawa peke yake inaumaliza, na huo wa kwako tayari una friji, pasi na televisheni. Kitakachotokea kinajulikana: breka ya soketi itaanguka mara kwa mara, mtu atachoka, ataitoa na kuweka ya ampia 32. Kuanzia hapo hakuna kinachoulinda waya, na unapika taratibu ndani ya ukuta. Mara nyingi panapoanza kuungua ni pale waya wa shawa ulipounganishwa na waya wa ukutani, kwenye konekta ya plastiki au, mbaya zaidi, nyaya zilizosokotwa na kufungwa tepu. Ukisikia harufu kama ya samaki au ya plastiki ya moto bafuni, ni hapo.

Shawa ya umeme inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye ubao wa breka: nyaya tatu za milimita 6 (laini, nyutro na ethi), breka ya ampia 32, na kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile mafundi wanachokiita RCD, cha miliampia 30. Swichi yake iwe ile kubwa ya ampia 45 yenye taa, inayokata laini na nyutro kwa pamoja, na ikae nje ya mlango wa bafu. Maungio kwenye shawa yawe ya konekta ya kauri. Fito ya ethi nje ipigiliwe mahali ambapo udongo haukauki kabisa, na ipimwe kwa kipimo chake. Testa ya bisibisi haipimi ethi. Bafu likiwa mita 12 kutoka kwenye ubao, hiyo ni mita 36 za waya mnene, na utaona mwenyewe kwamba waya unaweza kuzidi bei ya shawa. Ndivyo inavyotakiwa.

Kuna jambo watu wengi wanashangaa wakishafunga: wati ni zilezile 5,500, lakini kwa huyu maji yanachoma na kwa yule ni ya uvuguvugu. Hesabu ni rahisi. Kupandisha joto la maji yanayotoka lita moja kwa dakika, kwa digrii moja, kunataka wati 70. Chukua maji ya bombani asubuhi ya baridi yakiwa digrii 16, nawe unataka kuoga kwa 38. Hiyo ni digrii 22, yaani wati 1,540 kwa kila lita ya dakika. Wati 5,500 zinakupa lita tatu na nusu kwa dakika, wala hakuna chapa itakayokupa zaidi hata boksi liandikwe nini. Ni maji ya kutosha kuoga vizuri, ila si yale ya hotelini. Moshi mjini, kwa kuwa kuko chini zaidi (mita 800 hadi 900 kutoka usawa wa bahari, sisi tukiwa karibu 1,400), maji hayaingii baridi hivyo, na shawa ileile inaonekana kali zaidi.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, pima mtiririko. Weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la bafuni, fungua lote, tazama saa. Ikijaa kwa dakika tatu, uko sawa. Ikijaa kwa dakika moja, maji yanapita haraka mno na hayatapata moto. Utahitaji kile kipande kidogo cha kupunguza maji ambacho hukaa ndani ya boksi la shawa na mafundi wengi hukitupa. Ikichukua zaidi ya dakika tano, tatizo lako ni presha. Pima kimo cha wima kutoka kitako cha tenki hadi kichwa cha shawa: kila mita moja ni 0.01 MPa (megapaskali, kipimo cha presha), na kipimo hicho ndicho kinachoandikwa ubavuni mwa hita. Iliyoandikwa inataka angalau 0.01 itawaka kwa mita moja. Iliyoandikwa 0.02 inataka mita mbili. Iliyoandikwa 0.1 inataka mita kumi, nawe huna, kwa hiyo hata ikiwa na ofa iache dukani.

Umeme wa jioni nao una mambo yake. Volti ikishuka kutoka 230 hadi 200 saa moja usiku, wakati mtaa mzima umewasha, shawa haipotezi sehemu ndogo kama unavyodhani: inabaki na robo tatu tu ya nguvu. Anayeoga alfajiri anafaidi kuliko anayeoga jioni.

Tuje kwenye Luku, ambapo hofu yako ni ya kweli kuliko unavyojua. Dakika nne za shawa ya wati 5,500 ni uniti 0.37. Watu wanne, siku 30, ni uniti 44. Zijumlishe na 54 zenu, mnafika 98. Kundi lenu la bei ya chini linanunua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, lakini mwisho ni uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi ni shilingi 350, na mkiendelea kuvuka mnaweza kuhamishiwa kundi la kawaida, ambako uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi, yaani takribani 356 ukishalipia yote. Sasa hivi mnatumia karibu 6,600 kwa mwezi. Mkihamishwa, uniti 98 ni karibu 35,000. Hiyo ndiyo bei halisi ya shawa ya elfu tisini na tano, na muuzaji hatakuambia kwa sababu hajui Luku yako ikoje. Ndiyo, utatoa humo gesi au mkaa mnaotumia sasa kubandika maji, lakini pengo linabaki.

Boila halikwepi hili. Lita 30 kutoka digrii 16 hadi 60 ni uniti moja na nusu, nalo linaendelea kupoteza joto hata kama hakuna anayeoga. Lina sifa zake: linakula wati 1,500 tu, kwa hiyo waya wa 2.5 ukiwa na breka yake unatosha kabisa. Umeme ukikatika baada ya kuchemka, maji bado yapo. Na lita 30 za digrii 60 ukizichanganya na baridi ni lita 60 za kuogea, zinazowatosha nyote wanne mkiwa wepesi. Ila likishajaa linafikisha kilo 40 na zaidi, linataka ukuta imara na bolti za kupanuka, linataka valvu ya usalama ambayo haizibwi hata ikidondosha maji (kudondosha ndiyo kazi yake), na ukihama unaacha matundu ukutani. Kwa mpangaji silipendi.

Hita ya jua haingii laki sita, na ina kejeli yake hapa kwetu: Juni na Julai, miezi unayoyataka maji ya moto kuliko yote, ndiyo miezi ya mawingu. Mwenye nyumba yake afikirie hilo, wewe pita.

Imebaki ambayo hukuitaja: hita ndogo ya gesi, ya lita 6 kwa dakika. Kwa hali yako ndiyo ningeiangalia kwanza. Haigusi Luku, inafanya kazi umeme ukikatika (cheche yake inatoka kwenye betri mbili kubwa), haichimbi ukuta wa mtu kwa ajili ya nyaya, na siku ya kuhama unaifungua na kuondoka nayo. Kuoga kwa dakika nne, kwa maji yaleyale ya lita tatu na nusu kwa dakika, kunatumia gramu 33 hivi za gesi. Kwa nyote ni kilo nne kwa mwezi. Chukua bei ya mtungi wa kilo 15 mtaani kwenu, gawa kwa 15, zidisha kwa nne; kilo ikikutoka elfu nne, ni elfu kumi na sita kwa mwezi. Tumia mtungi huo wa kilo 15, usitumie ule wa kilo 6. Hita ikifunguliwa moto wote inavuta gesi kwa kasi ya karibu kilo moja kwa saa, na mtungi mdogo asubuhi ya baridi unapoa haraka, presha inashuka, na mtu wa tatu anaoga maji ya baridi huku gesi bado imo.

Lakini gesi ina sharti moja lisilo na mjadala. Hita ifungwe nje, ukutani, upenuni ambapo mvua haiifikii, mbali na dirisha lolote kwa mita moja au zaidi. Isikae ndani ya bafu, hata kama bafu lina dirisha, hata kama duka limesema "hii ni ya ndani". Moto wa gesi ukikosa hewa unatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anasinzia, na anayeoga na mlango umefungwa hana wa kumwona. Baada ya kufunga, paka povu la sabuni kwenye kila ungio la mpira na regulata. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Mwali uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi, zima na uite fundi.

Kwa hiyo: bafu lako likiwa na ukuta wa nje, na tenki likiwa juu ya kichwa cha shawa kwa kimo kilichoandikwa kwenye hita, nenda na gesi. Omba bei ya hita, regulata, mpira, mabomba na ufundi kwa pamoja kabla hujalipa kitu; ikizidi laki tano, au mojawapo ya masharti hayo likikosekana, rudi kwenye umeme ukiwa umeikubali ile 35,000. Hapo tenga laki moja na nusu kwa shawa na iliyobaki yote kwa laini yake. Chagua yenye koili iliyofunikwa ndani ya bomba la metali. Inagharimu zaidi, lakini kwa maji yetu yenye madini haivujishi umeme kama ile iliyo wazi, wala haiangushi RCD bila sababu. Fundi akikwambia aitoe RCD kwa kuwa "inasumbua", badilisha fundi.

Kwa mgao wa maji, shika hili: maji yakirudi, bomba linakuwa na hewa. Weka shawa kwenye baridi, fungua maji mpaka yatoke mfululizo bila kutema, ndipo uwashe. Koili ikiwaka kwenye hewa inakatika kwa sekunde chache, na hapo ndipo shawa nyingi zinapofia. Kila mwezi au miwili fungua kile kichwa chenye matundu, kisugue kwa mswaki na siki. Mchanga ukiziba, maji yanapungua na yanachoma.

Shemeji hajakosea kuhusu chujio, ila ni mada nyingine. Maji ya kuoga hayahitaji chujio. Ya kunywa, katika maeneo mengi kuuzunguka Meru, yana floraidi nyingi (madini yanayoharibu meno yakizidi), na kuyachemsha hakuiondoi. Kunaiongeza ukali kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki. Chujio la mshumaa nalo haliiondoi. Zinazoiondoa ni za utando wa presha, za alumina au za mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kule Arumeru kimeufanyia kazi kwa muda mrefu. Watoto wenu wakiwa bado wanaota meno ya ukubwani, hilo lingepaswa kuwa la kwanza kwenye mchezo ujao, na kwa sasa maji yao ya kunywa yatoke kwenye chanzo kilichopimwa. Godoro lingoje. Kama halijabonyea katikati, mnalala.

Na wakati unakusanya bei, fanya hili la bei ndogo: zibeni luva za bafu kwa pazia la plastiki wakati wa kuoga, mweke na mkeka wa mpira sakafuni. Sehemu kubwa ya baridi mnayoilaumu maji inatoka kwenye upepo na saruji. Hita ya gesi ikiwa nje, kuziba luva hakuna hatari.

Ongea na mwenye nyumba kabla, kwa ujumbe wa maandishi, mkubaliane kipi ni chenu mkihama. Shawa, hita na RCD huondoka nanyi. Waya wa ukutani hubaki, na baadhi ya wenye nyumba hukubali kuukata kwenye kodi ukiwaomba kabla ya kazi, si baada yake.

Kwa kazi ya umeme tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na usione aibu kuomba kuiona. Mwite hata kama hununui shawa mwaka huu endapo taa zinafifia pasi ikiwashwa, soketi inapata moto, au fundi akifungua soketi hakuti waya wa kijani na njano ndani yake. Volti ikiwa chini mtaa mzima, hiyo ni ya TANESCO, usimlipe mtu.

Siku ya kukabidhiwa, usilipe kabla ya jaribio. Fungua shawa kwenye moto mkali kwa dakika kumi. Kisha zima swichi kubwa, zima na breka, mwambie fundi afungue kifuniko cha konekta na kupima joto lake. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuweka kidole, ungio limelegea au waya ni mwembamba. Washa tena, bonyeza kitufe cha majaribio kwenye RCD: lazima ianguke papo hapo. Irudishe, na ukibonyeze kitufe hicho kila mwezi, siku ileile unayonunua Luku.